Katunkuma isiyo katunkuma: nataka kuipa jina la kisayansi, nianzie wapi?

#1 Mwana_wa_Bigodi
Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya zizi letu, upande unaopakana na msitu wa Kibale, umeota mmea ambao sijauona popote. Mwanzoni nilidhani katunkuma, zile nyanya chungu ndogo za porini. Nimekulia Masaka, katunkuma naijua tangu nikibebwa mgongoni. Lakini vitunda vya hii ni vikubwa zaidi, kama gololi ile kubwa ya watoto, kijani chenye michirizi myeupe, na vikiiva vinakuwa rangi ya chungwa, haviwi vyekundu. Vinakaa vitano au sita kwenye kishada. Jani lina miiba katikati, juu ya mshipa mkubwa, lakini shina la juu ni laini.

Nilipeleka tawi sokoni. Mama mmoja wa mboga akalitazama, akasema, "Hiyo si yetu." Jirani yake akasema ni entula, yaani nyanya chungu ya shambani, iliyokosa adabu.

Nimesoma kwamba kila mwaka dunia inatangaza spishi mpya za mimea kama 2,000. Kama hii haina jina, naweza kuipa mimi? Jajja (bibi) mzaa mama ndiye aliyenifundisha mboga zote ninazozijua, na hayupo tena. Ningependa iitwe kwa jina lake. Niende Makerere au wizarani?

#2 Afande_Mstaafu
Anza kwa kutoionja.

#3 Nakati_Safi
Ssebo, hiyo ni entula. Nalima Wakiso mwaka wa kumi na mbili sasa. Ukirudia mbegu zako mwenyewe msimu baada ya msimu bila kuchagua, utaona miche inayorudi porini: tunda dogo, michirizi, uchungu wa kukunja uso. Mimi huing'oa. Kumbe nilikuwa nang'oa spishi mpya!

#4 Mwalimu_Jinja
Hongera kwa jicho lako. Familia ni Solanaceae: nyanya, viazi ulaya, biringanya, pilipili, tumbaku, ntuntunu, hata amaduudu. Jenasi yenyewe ni Solanum, miongoni mwa jenasi kubwa kabisa za mimea inayotoa maua, ina spishi zaidi ya 1,200. Kwa hiyo mpya kupatikana si ajabu. Utaratibu ni huu: unaandika maelezo kwa Kilatini, unapima DNA, unapeleka kwenye ofisi ya kimataifa, wanakupa jina rasmi kama alivyoanzisha Linnaeus mwaka 1758.

#5 Gazeti_na_Mbao
Mwalimu, kwa heshima, hapo kuna makosa manne.

1758 ni mwaka wa majina ya wanyama. Mimea inaanzia 1 Mei 1753. Kilatini kilikuwa lazima kwa spishi mpya kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011; tangu 1 Januari 2012 unaruhusiwa kutumia Kiingereza pia. DNA hailazimishwi na kanuni. Watu wanaipima kwa sababu inasaidia kubishana, lakini jina halali linaweza kutolewa bila kutaja hata herufi moja ya DNA. Na ofisi ya kuidhinisha haipo. Unachapisha mahali panapokubalika, na ukitimiza masharti jina ni halali. Kama wenzako watalitumia ni suala lingine kabisa.

Masharti yenyewe: utoe maelezo au angalau sentensi zinazosema inatofautiana vipi na jamaa zake, uchague sampuli moja, mmea halisi uliokaushwa, iwe ndiyo kifani cha jina hilo milele (holotaipu), na useme imehifadhiwa hebaria gani, yaani ghala gani la mimea iliyokaushwa. Hilo la kutaja holotaipu ni tangu 1958, la kutaja hebaria ni tangu 1990.

Nimefanya kazi ya kukausha na kubandika mimea kwa miaka saba, ndiyo maana najua. Si kwa akili.

#6 Mwalimu_Jinja
Nimepokea. Hilo la 1758 nimekuwa nikilifundisha hivyo hivyo kidato kizima.

#7 Afande_Mstaafu
Watoto wa Jinja poleni.

#8 Mtunguja_Tanga
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu mmea wa miiba wenye tunda la michirizi tunauita mtunguja, bara wanasema ndulele. Tunda likiiva ni manjano. Kitaalamu Solanum incanum. Kwisha habari.

#9 Mwana_wa_Bigodi
@Mtunguja_Tanga hiyo nadhani ndiyo sisi tunaita entengotengo. Hapana, tunda lake ni kubwa na linakaa moja moja. Hii yangu ni kishada.

#10 Gazeti_na_Mbao
Yuko sahihi kukataa. Entengotengo hutoa maua mengi, lakini kwa kawaida ni ua la chini tu linalofunga tunda, mengine yanapukutika. Ukiona tunda moja au mawili na ua la zambarau, ni huyo. Matunda sita kwenye kishada kimoja hayaendani naye.

Halafu @Mtunguja_Tanga usikasirike: hata jina la incanum huku Afrika Mashariki ni la mazoea. Mwaka 2013 Knapp, Vorontsova na Prohens walipanga upya jamaa wa porini wa biringanya, wakaonyesha kwamba incanum ya kweli ni ya kaskazini mwa Afrika hadi Mashariki ya Kati, na ile tunayoikanyaga huku karibu yote ni Solanum campylacanthum.

#11 Mtunguja_Tanga
Campylanini? Mimi nabaki na ndulele.

#12 Presha_Imepanda
Samahani kuingilia. Katunkuma inashusha presha kweli? Mama mkwe ananipa kikombe cha kuchemsha kila asubuhi.

#13 Sista_Mbale
@Presha_Imepanda watu wengi wanaitumia, na mimi naila kwa karanga. Lakini usiache vidonge ulivyoandikiwa. Wodini nimepokea wagonjwa wa "nilibadilisha kwa katunkuma". Na mleta uzi, usimpe mtu yeyote huo mmea wako usiojulikana achemshe.

#14 Nakati_Safi
Turudi kwenye mada. Nasubiri mtu anikanushe #3.

#15 Gazeti_na_Mbao
Sikukanushi, nakuongezea. Wewe unauza nakati na entula kama mboga mbili, moja ya majani, nyingine ya tunda, na wateja wako hawawezi kuzichanganya. Kwa sayansi zote mbili ni spishi moja, Solanum aethiopicum. Nakati iko kundi linaloitwa Shum, entula kundi la Gilo. Hapo zamani watu waliyapa makundi hayo majina ya spishi tofauti, hadi ilipoonekana yanazaliana bila shida na watoto wao wanazaa. Katunkuma ni Solanum anguivi, ambayo inachukuliwa kuwa ndiye mzazi wa porini wa aethiopicum. Nazo zinachanganyika.

Kwa hiyo maelezo yangu ya kwanza kwa mmea wa Bigodi: chotara. Nyuki alitoka kwenye katunkuma ya kichakani akaingia kwenye entula ya jirani. Tunda la katikati, miiba nusunusu, rangi ya chungwa. Kila kitu "nusu".

#16 Nakati_Safi
Nakati na entula KITU KIMOJA? Banange. Nikimwambia mama yangu atanipiga kwa mwiko.

#17 Mlima_Elgon
Mimi sikubaliani na chotara. Anguivi yenyewe inabadilika sana kutoka mahali hadi mahali: nyingine ina miiba mingi, nyingine haina, jani la kivulini ni kubwa na laini, la juani ni dogo na gumu. Ndiyo maana imewahi kupewa majina chungu nzima na watu waliodhani wamepata mpya. Mmea huo umeota kati ya zizi na msitu: mbolea ya ng'ombe kwa mizizi, kivuli kwa majani. Katunkuma iliyoshiba, basi. Hata mtu akihamia mjini hunenepa.

#18 Mwana_wa_Bigodi
@Mlima_Elgon kunenepa kunabadilisha rangi ya tunda?

#19 Mlima_Elgon
Hapo umenibana. Katunkuma huanza chungwa kabla ya kuwa nyekundu. Umesubiri hadi mwisho, au ulichuma mapema?

#20 Mwana_wa_Bigodi
Ndege hawaachi hadi mwisho.

#21 Mama_Managu
Nawafuata kutoka Kakamega. Kwa nini msiseme ni managu, yaani nsugga yenu, ile mboga ya mnavu? Ile Solanum nigrum. Nayo ina vitunda kwenye kishada, na kuna aina ya kwetu inayoiva rangi ya chungwa.

#22 Gazeti_na_Mbao
Mama, nsugga haina miiba kabisa, kwa hiyo haingii. Ila umefungua mlango mkubwa. Kile ambacho vitabu vyetu vya shule vinaita S. nigrum si kimoja. Yenye matunda ya chungwa ni S. villosum. Yenye majani mapana na matunda makubwa meusi ya zambarau, ile inayolimwa, ni S. scabrum. Kuna S. tarderemotum, kuna S. americanum yenye matunda meusi yanayong'aa. Americanum ina kromosomu 24, villosum 48, scabrum 72. Si suala la mbolea. Mwaka 2018 timu ya Särkinen ilichapisha mapitio ya kundi hilo kwa Ulimwengu wa Kale, wakabaki na spishi 19.

Sababu moja ya vurugu hiyo ni vita. Mjerumani Georg Bitter aliyapa majina mengi Solanum za Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, na sampuli nyingi alizozitumia zilikuwa Berlin. Machi 1943 hebaria ile iliteketea kwa mabomu. Jina likabaki kwenye karatasi, mmea wenyewe ukawa jivu. Ukitaka kujua alimaanisha mmea gani, unatafuta kipande cha pili cha mkusanyo uleule kilichopelekwa mji mwingine. Ndiyo maana mkusanyaji mwenye busara anakata matawi matatu manne ya mmea mmoja: moja Makerere, moja Nairobi, moja Kew kule Uingereza.

#23 Afande_Mstaafu
Kumbe hata nsugga ilipigwa bomu.

#24 Kalamu_Kampala
Swali la lugha. Kama Kiingereza kinaruhusiwa, Kiswahili je? Ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, ni lugha ya Umoja wa Afrika.

#25 Gazeti_na_Mbao
Maelezo marefu andika kwa Kiswahili ukipenda. Lakini ile sehemu fupi inayohalalisha jina lazima iwe Kilatini au Kiingereza. Kinachouma ni kwamba kwa majina ya kabla ya 1935 lugha yoyote ilikubalika.

#26 Kalamu_Kampala
Tulichelewa kwa chini ya miaka mia. Kawaida yetu.

#27 Mwana_wa_Bigodi
Na jina lenyewe? Nikiandika "Solanum jajja" inafaa?

#28 Gazeti_na_Mbao
Neno linaweza kutoka lugha yoyote. Hilo "anguivi" lenyewe limetokana na jina la wenyeji wa Madagaska, Lamarck akalichukua. Sarufi ndiyo ina adabu zake. Solanum iko kwenye ngeli isiyo ya kike wala ya kiume, kwa hiyo sifa inaishia -um: nigrum, scabrum, villosum. Mahali ni -ense. Ukimtunuku mwanamke mmoja, jina lake linaishia -ae, mwanamume -i, wengi wenye mwanamume ndani yao, -orum. Kenya ipo Solanum agnewiorum, ukiona mwisho huo unajua waliotunukiwa ni zaidi ya mmoja. Kwa hiyo jajja wako akiwa Nakato, ni nakatoae.

#29 Nakati_Safi
Nakatoae wa nakati. Naipenda.

#30 Mwalimu_Jinja
Na kuna wanaocheza. Mwaka 2016 kuna Solanum ya Australia ilipewa jina ossicruentum, "mfupa na damu", wanafunzi wa shule moja ya Pennsylvania wakiwa ndio waliosaidia kupendekeza. Tunda lake bichi ukilikata linageuka jekundu kama kidonda, likikauka linakuwa kama mfupa. Hili nimelihakiki kabla ya kuandika, @Gazeti_na_Mbao.

#31 Gazeti_na_Mbao
Mwalimu, alama zote kumi.

#32 Kalamu_Kampala
Mwaka 2024 pale Madrid wanabotania walipiga kura kufuta tusi la "caffra" kwenye majina ya mimea zaidi ya 200. Sasa ni "affra". Kumbe jina likishatolewa linaweza kubadilishwa.

#33 Mlima_Elgon
Hiyo ni nadra. Mengi hubadilika kwa sababu mtu amepanga upya. Nyanya Linnaeus aliiweka Solanum mwaka 1753, Miller akaitoa akaipa jenasi yake, Lycopersicon, na miaka ya 1990 DNA ikairudisha Solanum. Bei sokoni haikujua lolote.

#34 Mwana_wa_Bigodi
Wakuu, nimerudi na habari. @Gazeti_na_Mbao aliniambia pembeni niangalie vinyweleo. Lenzi sina. Nimeenda Fort Portal kwa fundi saa, akaniazima kile kijibomba anachobana jichoni. Tumekaa kwenye kibanda chake, mimi na yeye, tunapokezana jani.

Mgongoni mwa jani hakuna vinyweleo vya kawaida. Ni vinyota. Kila kimoja kina miguu sita, saba, mingine minane, na katikati kimesimama kijiti kimoja kifupi. Mshipani vimejazana hadi huoni ngozi ya jani. Juu ya jani ni vichache na ule mguu wa katikati ni mrefu kuliko wa upande. Fundi saa akasema katika miaka ishirini hajawahi kuona saa iliyotengenezwa vizuri hivyo.

Ua ni jeupe, lina mstari wa zambarau hafifu sana katikati ya kila petali. Vifuko vya chavua ni vya manjano, virefu, vimechongoka, na kila kimoja kina tundu nchani.

#35 Gazeti_na_Mbao
Safi sana. Vinyota vinasema yuko kundi la Solanum zenye miiba, nsugga imetoka rasmi. Matundu nchani yana kazi: nyuki anakumbatia ua na kutetemesha mwili hadi chavua inamwagika kama chumvi kutoka kwenye kichupa. Ua jeupe linamweka mbali zaidi na entengotengo.

Lakini mstari wa zambarau unanisumbua. Anguivi naijua nyeupe, na nyingine za zambarau hafifu. Hebu tuache.

#36 Mlima_Elgon
"Hebu tuache" ya mtaalamu ni ushindi wangu. Anguivi inayobadilika, #17.

#37 Nakati_Safi
Au entula yangu iliyorudi porini, #3. Miiba ya porini inarudi.

#38 Gazeti_na_Mbao
Au chotara, #15. Kuna njia ya kutupunguza: panda mbegu. Kama ni chotara wa kizazi cha kwanza, watoto hawatafanana. Wengine watamfuata katunkuma, wengine entula. Kama ni spishi iliyotulia, wote watatoka sura moja. Hata hivyo chotara anayejizalia mwenyewe vizazi vingi naye hutulia. Kwa hiyo nimekupunguzia ubishi nusu tu.

#39 Jirani_wa_Msitu
Nimesoma yote. Mimi niliwahi kubeba mizigo ya watafiti. Mleta uzi, usivuke mpaka kwenda kutafuta wenzake msituni. Ile ni hifadhi ya taifa, kukata tawi kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na utafiti una kibali chake cha baraza la sayansi. Kwenye shamba lenu ni tofauti.

Na la pili, kukausha. Sisi tulikuwa tunaweka tawi ndani ya gazeti, gazeti ndani ya katoni, mbao mbili nje, mkanda unakazwa kwa goti, kisha juu ya jiko la mafuta usiku kucha mtu mmoja akilinda. Tunda unalikata katikati lisioze. Rangi ya ua unaiandika papo hapo, maana kesho litakuwa kahawia. Msimu mmoja mkubwa wetu alikuwa na haraka, akasema tufunge mbichi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, tutakausha mjini. Siku tatu za mvua njiani. Tulipofungua ilikuwa ukungu mweupe na maji meusi. Kazi ya wiki mbili, mimea mia na kitu. Yeye aliandika "sampuli hazikupatikana". Mimi ndiye niliyezibeba mgongoni.

#40 Afande_Mstaafu
Pole sana kijana. Mkubwa wa aina hiyo namfahamu, nilihudumu chini yake, tena si wa mimea.

#41 Mwana_wa_Bigodi
Asante @Jirani_wa_Msitu. Nimekata matawi manne, yako kwenye magazeti, juu ya dari la jikoni. Mbegu nimepanda kwenye makopo kumi na mawili. Mama ananiuliza kwa nini naogesha katunkuma kama mtoto mchanga.

Nauliza la mwisho. Tuseme si chotara, si entula. Najuaje kwamba hakuna mtu aliyekwisha kuipa jina?

#42 Gazeti_na_Mbao
Hapo ndipo kazi ilipo, na haina njia ya mkato. Unaanza na Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, mradi wa vitabu vya mimea ulioanza 1952 ukakamilika 2012, unaofunika Uganda, Kenya na Tanzania. Solanaceae iliandikwa na Edmonds mwaka huo wa mwisho. Kisha mapitio ya Solanum za miiba za Afrika na Madagaska, Vorontsova na Knapp, 2016. Unapita kila jina, hadi yale yaliyofutwa. Halafu unaomba kuona sampuli zenyewe, kabati kwa kabati. Mara nyingi spishi mpya haipatikani porini. Inapatikana kabatini, imebandikwa miaka hamsini iliyopita, imeandikwa jina la jirani yake.

#43 Presha_Imepanda
Kwa hiyo mama mkwe ananichemshia anguivi au aethiopicum?

#44 Sista_Mbale
Meza dawa yako.

#45 Mpya_Kagadi
Habari zenu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika. Mmea wa maelezo ya #1 na #34 kwetu Kagadi upo, hasa kwenye mashamba yaliyolazwa. Matunda ya chungwa, michirizi, miiba kwenye jani tu. Mama anaupika kwa ufuta tangu sisi wadogo na hakuna aliyekufa. Hatuna jina la pekee. Tunasema katunkuma tu.

#46 Mlima_Elgon
😂😂 #17.

#47 Gazeti_na_Mbao
@Mpya_Kagadi matunda mangapi kwa kishada? Mstari wa zambarau upo kwenye petali? Kata tawi lenye ua na tunda kwa pamoja, liweke kwenye gazeti leo hii, andika tarehe na mahali. Usitie kwenye kaveera.

#48 Mpya_Kagadi
Ngoja mvua iishe.